Niliyojifunza kwa kupima umbo la elektroni

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti nimeitumia kupima kitu ambacho hadi leo hakuna aliyekiona. Swali lenyewe ni fupi: je, chaji ya elektroni imekaa sawasawa pande zote, au upande mmoja umezidi kidogo? Ikiwa umezidi kwa kiasi ambacho vyombo vya leo vinaweza kukigundua, basi sheria za maumbile tunazofundisha hazijatimia, na ziko chembe au nguvu ambazo bado hatujazijua.

Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba. Nilisoma Dar es Salaam, nikapita Trieste, Italia, kwenye kituo alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi kama zetu, kisha nikaingia maabara moja ya Ulaya iliyokuwa ikilishughulikia swali hilo. Sasa nafundisha Unguja. Wanafunzi huniuliza nimegundua nini, na barzani nyumbani ami zangu huniuliza hivyo hivyo. Jibu la kweli linahitaji muda kuliko ule wa kusubiri kikombe kimoja cha kahawa, ndiyo maana naliandika.

Nianze na sababu ya kujisumbua. Kwa tunavyoelewa, ulimwengu ulipoanza, maada na antimaada (pacha wa maada mwenye chaji za kinyume) zilitokea kwa viwango vilivyokaribia kulingana kabisa. Vitu hivi viwili vikikutana huangamizana, kikabaki mwanga. Lau vingelingana moja kwa moja, leo kusingekuwa na mwezi, wala bahari, wala mtu wa kuuliza. Mwaka 1967 mwanafizikia wa Kisovieti, Andrei Sakharov, alionyesha masharti yanayohitajika ili maada ibaki, na sharti mojawapo ni kwamba maumbile yasizitendee maada na antimaada sawasawa. Miaka mitatu nyuma, kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, kundi la James Cronin na Val Fitch lilikuwa limeshaona tofauti ya namna hiyo katika chembe ziitwazo kaoni, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Lakini tofauti waliyoiona, na nyingine zilizoonekana baadaye, ni ndogo mno kueleza kwa nini sisi tupo. Lazima kuna chanzo kingine. Elektroni yenye chaji iliyoelemea upande mmoja ingekuwa alama ya chanzo hicho, kwa kuwa elektroni ya hivyo isingefuata sheria zilezile ukiurudisha wakati nyuma, na kwa nadharia zetu jambo hilo huenda pamoja na kutozitendea maada na antimaada sawasawa.

Jambo lililonivuta tangu mwanzo ni kwamba kazi hii hufanyika chumbani. Huhitaji handaki la kilomita 27 chini ya ardhi, kama lile la CERN, maabara kubwa ya Ulaya ya kuchunguza chembe. Unahitaji leza kadhaa, bomba lililoondolewa hewa, molekuli nzito, na watu wenye subira. Tunatumia molekuli kwa sababu elektroni iliyomo ndani ya molekuli nzito huhisi uga wa umeme mkubwa kuliko wowote tunaoweza kuutengeneza kwa mikono yetu. Katika oksidi ya thoriamu, iliyotumiwa na wenzetu wa Harvard na Yale, uga huo hufikia takriban volti bilioni 78 kwa kila sentimita. Elektroni huzunguka mhimili wake kwa namna ambayo uga wa sumaku unaweza kuuyumbisha mhimili huo kwa mwendo maalumu. Tunaupima mwendo huo, tunageuza uga wa umeme, tunaupima tena. Chaji ikiwa imeelemea, mwendo utabadilika kidogo kila tunapogeuza. Basi. Fizikia yote ya jaribio imo humo, na unaweza kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaelewa.

Miaka mingine yote inayobaki huenda kwenye neno "kidogo".

Mimi nilipangiwa upande wa uga wa sumaku. Chombo chetu kilikaa ndani ya makasha ya chuma maalumu chenye nikeli nyingi, kasha ndani ya kasha, ili uga wa sumaku wa dunia usipenye. Kila kitu kilichoingia ndani nilikipitisha kwanza mbele ya kipima sumaku: skrubu moja moja, waya, vishikizo vya vioo. Skrubu zilizoandikwa kwamba si za sumaku zilikuwa na sumaku. Lifti ya jengo ikipanda, tuliiona kwenye data. Gari likiegeshwa karibu na ukuta, tuliliona. Hayo hayanisumbui sana, kwa sababu lifti haijui ni wakati gani sisi tunageuza uga wa umeme. Kelele zake hutawanyika huku na huku, na ukipima muda mrefu hupungua zenyewe.

Linalokosesha usingizi ni lile linalogeuka pamoja nawe. Ukiweka volti kubwa kwenye mabamba mawili, hakuna kihami kinachozuia umeme wote. Mkondo mdogo sana huvuja juu ya uso wake. Mkondo huo hutengeneza uga wa sumaku. Ukigeuza volti, mkondo unageuka, na uga wake wa sumaku unageuka vilevile, kwa wakati uleule hasa ambao ungetarajia elektroni ikuonyeshe alama yake. Kwa macho ya data, umeme unaovuja na ugunduzi wa karne ni kitu kimoja. Ukipima miaka kumi hautapungua. Utazidi kuuona kwa uhakika zaidi, na utazidi kukosea kwa uhakika zaidi.

Hapo ndipo nilipokikumbuka kisa tulichosimuliwa chuoni tukiwa wadogo. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mzee sana, umri unakaribia miaka mia. Watu walitoka kutazama hilali, na yeye peke yake akasema ameiona. Akawa anawaonyesha kwa kidole, wenzake hawaoni kitu. Kadhi Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho. Akaufuta na kuusawazisha, kisha akamwambia: hebu tuonyeshe tena. Mzee akatazama, akasema haioni.

Kisa hicho nakisimulia katika kila darasa langu. Kadhi hakusema mzee mwongo, na kweli hakuwa mwongo, alichokiona alikiona. Kadhi hakulijadili anga. Alikwenda kwenye jicho, akarekebisha kitu kimoja, akaomba kipimo kirudiwe na shahidi yuleyule. Sijui kitabu cha vipimo kinacholieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Hata kwetu, mtu akija na habari ya mwezi siku ya ishirini na tisa, wazee wanaojua hawamuulizi "una hakika?" Wanamuuliza ilikuwa upande gani wa pale jua lilipochwea, kimo gani, pembe zake zimeelekea wapi. Maswali ambayo aliyeona kweli anayajibu bila tabu, na aliyetamani kuona anaanza kubabaika.

Sasa, sisi tulizitafuta nywele zetu vipi? Kwa kuzirefusha. Kama unashuku kwamba mkondo unaovuja unaharibu kipimo, haitoshi kuupunguza. Unapitisha kwa makusudi mkondo mara elfu zaidi, unaona jibu linahama kiasi gani, kisha unagawanya. Kama unashuku leza haikupita katikati, unaisogeza pembeni kupita kiasi. Unauchafua uga wa sumaku, unapotosha volti. Kila kasoro unayoweza kuifikiria unaikuza mpaka iseme. Wakati wa kukuza kasoro ulikuwa mrefu kuliko wakati wa kupima kitu chenyewe, na ndivyo inavyostahili. Msomaji akiona makala ya ugunduzi wa namna hii, aende moja kwa moja kwenye jedwali la hitilafu. Huko ndiko watu walikotoa jasho.

Na kuna kasoro ambazo hazimo kwenye fikira zako kabisa. Nitataja moja kwa kuwa mtu wa pwani ataipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, CERN walikuwa na mtambo wa kugonganisha chembe ulioitwa LEP, ndani ya handaki lile la kilomita 27 karibu na Geneva. Nishati ya chembe ilikuwa ikiyumba bila sababu inayojulikana. Mwisho ikaonekana ni mwezi. Mwezi unaotuletea sisi bamvua, maji yakapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ndio huohuo unaovuta ardhi kavu ya Uswisi na Ufaransa. Mzingo wa handaki ulikuwa ukirefuka na kufupika kwa kama milimita moja, na kipimo kikasikia. Baadaye wakaona usumbufu mwingine uliotulia usiku wa manane na kurudi asubuhi: ni umeme wa treni za mwendo kasi za Ufaransa, uliokuwa ukivuja ardhini na kupita kwenye bomba la mtambo. Baada ya kuyahesabu yote hayo, waliipata tungamo ya Z, chembe nzito waliyokuwa wakiichunguza, kwa shaka ya sehemu 23 katika milioni. Wanafunzi wangu wanaotoka Mkokotoni na Makunduchi, wanaojua maji mafu na bamvua tangu utotoni, wakilisikia hili hukaa kimya kidogo, kisha maswali hayaishi.

Kuna kasoro moja ambayo huwezi kuikuza wala kuikinga kwa chuma, nayo ni hamu ya mpimaji. Ukishajua jibu unalolitaka, utaacha kutafuta kasoro pale jibu litakapolikaribia. Hutadanganya; utaridhika tu mapema. Likitoka jibu usilolipenda, utakagua nyaya zote upya. Likitoka unalolipenda, utakwenda kula. Watu waaminifu kabisa huangukia humo.

Dawa yake ni kujificha jibu. Programu yetu ya kuchambua data ilikuwa na namba ya siri iliyochaguliwa na kompyuta, ambayo iliongezwa kwenye kila tokeo kabla halijatufikia. Tuliweza kuona kama jibu linahama tukiisogeza leza, tuliweza kuona limetawanyika kiasi gani, lakini lenyewe lilivyo hatukulijua. Tukakubaliana ukaguzi wote utakaofanywa, tukaufanya, tukaandika makala nzima na nafasi ya namba ikaachwa wazi. Tukaafikiana kwamba ikishaondolewa ile siri hakuna kitakachobadilishwa, na kitakachotoka ndicho kitakachochapishwa.

Siku ya kuifungua nilikuwa na kidole juu ya kitufe pamoja na mwenzangu mmoja. Nilikuwa nimeshakubali nafsini mwangu kwamba sina tena la kufanya, na hali hiyo sijaipata katika kazi nyingine. Namba ikatoka. Ilikuwa karibu na sifuri, ndani ya kiasi cha shaka tulichokikadiria. Watu walikumbatiana. Mama yangu nilipompigia simu jioni ile akaniuliza, "Kwa hiyo hamkukiona?" Nikamwambia hatukukiona, mama, lakini sasa tunajua kwamba hakipo katika sehemu zote tulizotazama. Akasema, "Alhamdulillahi, basi mmefuta njia." Ndivyo ilivyo hasa.

Maana sifuri hii haikulala bure. Mwaka 2011 kundi la Imperial College, London, lilieleza usahihi wake hivi: ukiikuza elektroni ifikie ukubwa wa mfumo wa jua, ingekuwa duara timamu kwa tofauti isiyozidi unene wa unywele. Mwaka 2014 na 2018 wale wa Harvard na Yale wakaishusha zaidi, na mwaka 2023 kundi la taasisi ya utafiti ya JILA, Colorado, likatangaza kwamba kuelemea kwenyewe, kama kupo, hakuzidi 4.1 × 10⁻³⁰ kwa kipimo cha chaji ya elektroni mara sentimita. Kila kikomo kinaposhuka, nadharia zilizotabiri chembe mpya nzito zinalazimika kujieleza au kuondoka. Kikomo cha JILA kinagusa chembe za nishati inayopita volti-elektroni 10¹³ (volti-elektroni ni kipimo cha nishati ya chembe), zaidi ya zile ambazo mtambo mkubwa wa CERN unaweza kuzizalisha moja kwa moja. Chumba kimoja chenye meza na leza kinauliza maswali ambayo mtambo wa mabilioni ya fedha haujaweza kuyafikia. Kwa mtu anayetoka kisiwa kidogo, hilo lina uzito wake.

Wenzangu wa myuoni nao wamepitia mtihani mgumu kuliko wetu, nami nimewaheshimu sana kwa walivyosimama. Myuoni ni ndugu mzito wa elektroni, na wao wanapima jinsi mhimili wake unavyoyumba ndani ya uga wa sumaku. Mwaka 2013 sumaku yao ya duara, yenye upana wa karibu mita 15, ilisafirishwa kwa bahari na mito kutoka Brookhaven hadi maabara ya Fermilab karibu na Chicago. Saa iliyohesabu mwendo wa myuoni ilipotoshwa kidogo kwa makusudi, na kiasi cha upotoshaji kiliwekwa na watu wawili walio nje ya kundi. Jibu la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2021 lilitofautiana na hesabu ya nadharia, na dunia nzima ikazungumza habari ya fizikia mpya. Wao wakaendelea kupima. Juni 2025 wakatoa jibu la mwisho, shaka yake ni sehemu 127 katika bilioni, na likakubaliana na lile la awali. Kilichohama ni nadharia: hesabu mpya zilizofanywa kwa kompyuta kubwa ziliisogeza mpaka pengo likafungika, ingawa wananadharia wenyewe bado hawajapatana kuhusu baadhi ya data walizozitumia zamani. Wapo waliosikitika. Mimi naona kipimo kilifanya kilichotakiwa kifanye. Kilikaa pale pale, na wengine wakalazimika kukijia.

Niliporudi Unguja kufundisha, sikuwa na leza wala makasha ya nikeli. Nilikuwa na uzi, jiwe dogo la chuma na saa ya kusimamisha. Jaribio la pendulamu kila aliyepita skuli ya sekondari amelifanya: unapima urefu, unahesabu mibembeo, unatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia. Vitabu vimeandika 9.8, au 9.81. Darasa zima likaniletea 9.81. Hakuna hata mmoja aliyekosa.

Tatizo ni kwamba Zanzibar si 9.81. Dunia imetuna katikati na inazunguka, kwa hiyo huku karibu na ikweta mvutano ni mdogo. Kwetu ni karibu 9.78. Pendulamu ya mita moja ikibembea mara 100, tofauti kati ya namba hizo mbili ni kama theluthi moja ya sekunde katika sekunde 200. Inapimika, lakini kwa kuhangaika. Vijana wale walikuwa wamepika data, na nawaelewa: tangu kidato cha kwanza wamepewa alama kwa kulifikia jibu la kitabuni. Tumewafundisha sisi.

Nikaleta bahasha. Kila kikundi nilikipa utepe wa karatasi niliouchora mwenyewe, "sentimita" zake nimezirefusha au kuzifupisha kwa kiasi tofauti, na kiasi hicho kimeandikwa ndani ya bahasha iliyogundishwa. Watapata namba, lakini hakuna ajuaye namba ipi ni nzuri. Basi wakaanza kubishana kwa mara ya kwanza. Urefu unapimwa hadi wapi, chini ya jiwe au katikati yake? Uzi unanyooka? Mmoja wao, binti wa Chake Chake, akauliza kama upana wa kubembea unabadilisha muda. Wakahesabu: ukiuachia kwenye digrii 10, muda unarefuka kiasi cha kulishusha jibu kwa karibu 0.04, yaani zaidi ya tofauti nzima kati ya Zanzibar na kitabu. Nilisimama pembeni nikiwasikiliza, na furaha niliyoipata haikupungua hata kidogo na ile ya siku ya kitufe. Walipofungua bahasha, vikundi vingi viliangukia kati ya 9.76 na 9.80, na kila kimoja kilikuwa na orodha ya sababu mkononi.

Sasa wanataka kitu kigumu zaidi: kuipima tofauti ya mvutano kati ya Mji Mkongwe na Chake Chake. Kwa latitudo peke yake ni kama sehemu 17 katika milioni, na miamba iliyo chini ya visiwa viwili hivi nayo ina neno lake, hivyo jibu halimo kitabuni kwa mtu kulipika. Saa ya kusimamisha haitoshi tena. Wametengeneza kihisi cha mwanga. Uzi wameutupa, wanatumia waya wa chuma. Wiki iliyopita wakagundua kwamba waya huo ukipata joto la digrii moja na nusu tu unarefuka kwa kiasi kilekile wanachokitafuta, na chumba chetu asubuhi na alasiri hutofautiana zaidi ya hapo. Wamegawanyika. Wengine wanataka kupima usiku tu, wengine wanataka kuupasha waya kwa makusudi mpaka digrii 40 waone jibu linahama kiasi gani. Nimewaambia wafanye yote mawili, na namba ya siri ya safari hii ataitunza karani wa ofisi, si mimi.